Baba Amenitengea Meza, Mimi Nataka Kulehemu

Mpendwa Mjomba Mshauri,

Naomba msaada wako, na nakusihi barua hii isilale chini ya rundo, maana mkataba wangu unatakiwa kusainiwa Ijumaa ya wiki ijayo na hapa ninapoandika furaha na woga vimenishika kwa pamoja hadi chakula hakipiti.

Mimi ni binti wa miaka ishirini na minne, nimesomea uhasibu, cheti ninacho na alama zangu ni nzuri tu, nimezunguka na bahasha yangu ofisi hadi ofisi mpaka walinzi wa mlangoni wakanizoea, wakawa wananiambia nikiwa bado ng'ambo ya barabara, "Dada, hata leo hakuna," na kila tangazo la kazi wanataka mtu mwenye uzoefu, sasa huo uzoefu nitauokota wapi ikiwa kila mmoja anataka nije nao kutoka kwa mwenzake? Nikabaki nyumbani, mtu wa kufagia, kupokea wageni na kujibu lile swali la shangazi zangu, "Siku hizi uko wapi, mwanetu?" Niko hapa hapa, shangazi, kwenye kochi unaloniona nimelikalia.

Baba yangu ni fundi friji, ana karakana yake barabarani, na upande wa pili wa barabara hiyo, mlango ukitazamana na mlango, kuna karakana ya fundi friji mwingine ambaye watu wamempa jina la Mzee Geji, kama kile kipimo cha gesi, kwa sababu hagusi kitu kabla hajakipima, na wazee hawa wawili hawajasalimiana tangu mimi niko shule ya msingi. Chanzo ni friji la bucha ambalo baba alilitengeneza likafa tena wiki hiyo hiyo, Mzee Geji akaitwa akalifufua, na inasemekana alitoa maneno fulani mbele za watu ambayo mimi siwezi kuyaandika gazetini.

Basi, serikali ikaleta mpango wa uanagenzi. Fundi mwenye karakana akimpokea kijana asiye na kazi, serikali inampa kijana posho kwa miezi sita akijifunza, na fundi akimwajiri mwisho wa miezi hiyo, fundi anapunguziwa kodi na kijana anapewa sanduku la vifaa vyake mwenyewe. Baba aliposikia akasema, "Riziki imebisha hodi," akanipeleka ofisi ya vijana kuniandikisha, siyo kufundishwa, Mjomba, kuandikishwa tu, posho iwe inaingia huku natafuta kazi ya maana, yaani ya ofisini. Afisa akatazama jina la baba, akatazama langu, akasema, "Mzee wangu, ndugu haruhusiwi." Tunageuka kuondoka, nyuma yetu kwenye foleni nani? Mzee Geji na kijana wake wa kiume, wamekuja na ujanja huo huo, nao wakakataliwa vile vile.

Tukajikuta wote wanne tumekaa benchi moja pale nje, hakuna anayemtazama mwenzake, baba akakohoa, Mzee Geji akakohoa, kisha baba akauambia ukuta uliokuwa mbele yetu, "Lakini huyu wako si ndugu yangu." Mzee Geji naye akauambia ukuta ule ule, "Wala huyo wako si ndugu yangu." Mjomba, wazee ambao salamu iliwashinda miaka yote hiyo walielewana kabla benchi halijapata joto! Wakabadilishana watoto, mimi nikaandikwa kwa Mzee Geji, na kijana wake, ambaye mtaani tunamwita Waya kwa wembamba wake, akaandikwa kwa baba, na makubaliano yakawa kila mtoto abaki kwao, wao watasaini mahudhurio. Mwezi wa kwanza ukapita hivyo. Naona haya kukwambia lakini nikikuficha na wewe nitabaki na nani?

Mwezi wa pili zikaja habari kwamba mkaguzi wa mpango anapita kwenye karakana. Baba akanikimbilia chumbani, "Amka, amka, nenda ukakae kwa yule bwana leo tu, keti mezani, shika kalamu, mkaguzi akishapita urudi zako." Nikaenda nikakaa, Waya naye akavuka kuja kwa baba, mkaguzi hakuja. Ikasemwa atakuja kesho, nikaenda, hakuja, ikasemwa yuko mtaa wa pili, ikasemwa gari limeharibika, yaani kila siku anakuja na kila siku haji, na mimi kukaa nimekunja mikono siwezi, nikaanza kwa kufagia, nikafuta vumbi kwenye mashine, nikamshikia tochi, siku moja nikachukua koleo nimpe, akanitazama akasema, "We binti, hilo koleo umelishika kama kijiko cha chai. Hebu lete mkono." Na tangu siku hiyo, Mjomba, nimekwisha!

Sijui nikuelezeje kulehemu bomba la shaba. Unawasha moto, unauvuta mpaka unakuwa mwembamba wa buluu, unauzungusha kwenye kiungo, shaba inabadilika rangi taratibu, na ukiugusisha waya wa kulehemu kwa wakati wake, siyo mapema wala kuchelewa, unayeyuka na kuzunguka kiungo chote wenyewe, unajaza kila mahali, halafu unapaka povu la sabuni kuona kama panavuja, unasubiri umebana pumzi, hakuna hata kiputo kimoja. Hakuna! Friji langu la kwanza lilikuwa la mama anayeuza juisi karibu na stendi, nikabonyeza swichi, kimya, nikasema nimeaibika, mara kompresa ikaguna, ikashika, ikaanza kuunguruma, na baadaye yule mama akaingiza mkono ndani akapiga kelele, "Baridi! Jamani, baridi!" Nikalia mbele za wateja. Mzee Geji akajifanya anatafuta spana na spana alikuwa ameishika.

Na mkaguzi naye hatimaye alikuja, mwanamke mmoja mrefu ana miwani, akakuta miguu yangu tu inaonekana, mimi mwenyewe niko chini ya friji la duka la dawa, akauliza, "Mwanagenzi yuko wapi?" Nikamjibu kutoka huko huko chini, "Nipe dakika, nimeshikilia kiungo." Alisubiri, Mjomba. Serikali ilinisubiri mimi!

Sasa Mzee Geji amepata kazi kubwa, chumba cha baridi cha chama cha wafugaji, cha kuhifadhia maziwa, chumba kizima unachoingia kwa miguu, akaniambia, "Mabomba yote utalehemu wewe, mimi nitakuwa napima tu," na anataka kuniajiri kabisa, kwa mkataba, na nisiposaini Ijumaa hiyo, miezi ya mpango inaisha, nafasi inafungwa, na sanduku la vifaa linarudi serikalini.

Lakini baba hajui. Anajua nimekuwa nikienda kwa Mzee Geji, ila anaamini miezi yote nimekaa mezani na kalamu yangu nikiandika hesabu, kwa sababu ndivyo nilivyomwacha aamini. Ovaroli naiacha kwa dada mshonaji wa jirani, kila jioni nasugua mikono kwa sabuni ya unga mpaka inachubuka, naingia nyumbani msafi kama natoka benki. Jumapili akaniita karakanani kwake, amefagia kona ya dirishani, ameweka meza mpya ya mbao yenye droo, kiti kile cha kuzunguka, na ukutani ameandika kwa rangi, kwa mkono wake mwenyewe, MHASIBU. Akasema, "Waya nimemwajiri, sasa wewe rudi nyumbani. Mkono wako haukusomeshwa uje unuke mafuta kama wangu." Nikasema ahsante baba. Ningesema nini?

Tena kuna jambo lingine linaniuma. Utotoni nikigusa tu bisibisi alinifukuza, "Toka hapo, utaungua," na wiki iliyopita nimesimama mlangoni kwa Mzee Geji naangalia ng'ambo, namwona baba amemshika Waya mkono anamwelekeza moto, taratibu, anacheka naye. Niliona wivu, Mjomba, wivu mtupu.

Mama ameshagundua, aliona shimo la cheche kwenye mkono wa blauzi yangu, naye anasema nikalie hiyo meza walau mwaka mmoja, baba asivunjike moyo, mengine yatajipa. Nifanye nini? Nikisaini nitakuwa nimekwenda kwa adui wa baba mchana kweupe, nisiposaini nitakufa nikiwa nimekaa kwenye kiti kinachozunguka. Nijibu upesi.

Ni mimi,
Binti wa Ng'ambo

MJOMBA ANAJIBU

Binti wa Ng'ambo,

Pongezi kwanza, ugomvi utafuata. Nilipofika pale mkaguzi anaposubiri miguu yako itoke chini ya friji, nilicheka mpaka mhariri akaja mezani kwangu kuuliza kama mishahara imepanda. Nimemsomea barua yote, ndiyo maana imepata nafasi leo badala ya mwezi ujao. Hongera sana, mwanangu. Kazi umeipata, na kazi nayo imekupata. Wengi tunastaafu bila kuonja hicho ulichokionja kwa yule mama wa juisi.

Haya, sasa kaa vizuri nikugombeze.

Ule mwezi wa kwanza mlikula cha watu. Usiniambie ni baba, usiniambie ni Mzee Geji, posho iliingia kwenye simu yako wewe, na bila shaka ukainunulia vocha. Mpango ule una nafasi za kuhesabika. Kila jina linaloandikwa pasipo na mtu, kuna kijana mwenye miguu na mikono aliyefika pale dirishani akaambiwa zimejaa, akarudi kwenye kochi lake. Halafu sisi sisi tunakaa vibarazani tunasema mipango ya serikali haina maana. Itakuwaje na maana ikiwa wanagenzi wamelala nyumbani na mafundi wanasaini? Bahati yenu mlimwogopa mkaguzi. Asingekuwa huyo mama wa miwani, hata mwaka huu usingejua koleo linashikwaje.

Nimepiga simu ofisi ya vijana, sikutaja jina la mtu wala mtaa. Nikamuuliza afisa: wakiwepo watu waliosaini mwezi mmoja hewa, kisha wakafanya kazi kweli kweli, wafanyeje? Akacheka, akasema, "Mjomba, unadhani ni wao peke yao? Waje wenyewe. Wakija wenyewe tunawaongezea mwezi wa kujifunza bila posho, mkataba wao unabaki pale pale, mambo yanaisha. Wakisubiri tuwafuate, hiyo ni habari nyingine." Umesikia. Kwa hiyo kabla ya Ijumaa nyinyi wanne mtakwenda pale pale, mkae benchi lile lile kama itabidi, na safari hii mseme ukweli. Mkataba ukisainiwa juu ya uongo, siku mkigombana na Mzee Geji ndiyo siku utakapoletewa uongo huo mezani.

Tuje kwa baba. Unalalamika kwamba amekununulia meza. Nani kamwambia anunue? Wewe! Kila jioni umemwonyesha binti msafi wa ofisini, mzee wa watu akaamini alichoonyeshwa, akatoboa mfuko wake, akapanda juu ya ngazi na kopo la rangi. Unamficha mtu njia halafu unashangaa amepotea? Hapo sina huruma na wewe hata kidogo.

Kwenye wivu huruma ninayo. Mimi ni baba pia, acha nikwambie kitu ambacho baba yako hawezi kukwambia kwa sababu hajui kama anakifanya. Waya akiungua kidole, baba yako atampaka dawa na kuendelea na kazi. Ukiungua wewe, hatalala. Ndiyo sababu mkono wake unatulia kwa mtoto wa mwenzake na wewe unakufukuza, na nina hakika Mzee Geji ukimuuliza kuhusu Waya atakwambia hayo hayo. Ile kanuni ya kukataa ndugu wengi wanaiona ya kikatili, lakini angalia ilivyofanya kwenu: imepata mafundi wawili vijana kutoka kwa wazee wawili ambao wangewalea kama watoto mpaka mzeeke. Wivu huo uone, uuheshimu, kisha uutue. Siku ya kuzungumza na baba usiende nao.

Na hili neno adui mnalitumia vibaya. Adui gani mnayemwazima mtoto, akawarudishia akiwa na ufundi? Wahenga walisema wapiganapo fahari wawili ziumiazo nyasi. Nyinyi nyasi mmenawiri, mbona mnalia? Wale wazee wamechoka na ugomvi wao zamani, wanachokosa ni mtu wa kuwapa sababu ya kuvuka barabara. Hiyo siyo kazi yako kuifanya, lakini usije ukaitumia kama kisingizio.

Mama yako mpe heshima zake zote, umwambie Mjomba amekataa. Mwaka mmoja wa kukaa kitini kwa huruma hauponyi moyo wa baba, unauahirishia kilio. Maziwa ya wafugaji nayo hayatakusubiri, yataganda. Atalehemu mtu mwingine mabomba yale na wewe utakuwa dirishani unamwangalia Waya anavyocheka na baba yako.

Utafanya hivi. Usimwambie baba wakati wa chakula, wala usimtume mama, wala usimkusanyie wajomba na mashangazi kama vile kuna posa. Nenda mchana, karakanani kwake, umevaa hiyo ovaroli unayoificha kwa mshonaji. Vuka barabara ukiwa umeivaa. Mwambie, "Baba, mimi ni fundi friji. Nimejifunza kwa Mzee Geji, nilikuficha, nisamehe. Ijumaa nasaini." Kisha nyamaza. Atafoka. Mwache afoke, ni haki yake, umemdanganya. Akikuuliza kwa nini hukuja kujifunza kwake, mjibu kwa adabu kwamba ofisi ilikataa, na kabla ya ofisi alikataa yeye. Hapo usiongeze neno.

Ruhusa usiombe, una miaka ishirini na minne. Omba baraka. Zikitoka siku hiyo hiyo mshukuru Mungu, zikichelewa endelea na kazi, zitakukuta huko huko kwenye mabomba.

Mkataba wenyewe usiusaini kwa furaha, usaini kwa macho. Mshahara uwe umeandikwa, siyo umeahidiwa. Unacheza na moto na mitungi ya gesi, kwa hiyo pawe na maneno ya wazi kuhusu nani anagharamia ukiumia kazini. Na sanduku la vifaa liandikwe jina lako, si la karakana. Mzee Geji ni mtu mwema, sawa, na mtu mwema haogopi kuandika. Uhasibu wako haujapotea, anza kwa kuutumia hapo.

Limebaki moja, na hili silo la ushauri, ni la haraka. Mfuko ulioleta barua yako ulileta na ya binti mwingine wa hapa hapa mjini. Kasomea mahesabu, kachoka kuzungushwa, anauliza kama kuna fundi au mwenye duka yeyote anayehitaji mtu wa kumwekea hesabu sawa, yuko tayari kuanza kama mwanagenzi. Nimempigia simu. Nikamuuliza kama ana undugu na fundi friji yeyote, akaapa hana, hata kwa kuolewa. Nikamuuliza afisa wa vijana: fundi aliyekwisha kumwajiri mwanagenzi wake wa kwanza anaruhusiwa kuchukua wa pili? Anaruhusiwa, na nafasi ipo mpaka mwisho wa mwezi.

Lakini siwezi kumtuma mtoto wa watu akaombe kile kiti cha MHASIBU ambacho mwenye karakana bado anamwekea mwanawe. Mpaka baba yako asikie kutoka kwako, huyu naye amekwama. Kwa hiyo ukisita hapo mlangoni kwa Mzee Geji, ukaanza kusema labda kesho, ujue hujichelewesha peke yako.

Ukishazungumza naye nipigie, hata kama bado anafoka. Yule binti ameshapiga pasi nguo zake, na simu yake ameiwasha.

Mjomba